Ritifaa Katikati ya Jina: Mhadhara kuhusu Kuchopoa Maneno Kati ya Mipaka



Naomba tuanze na Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010. Humo zimeorodheshwa kaunti 47, kila moja na nambari yake. Meru ni ya 12 na Embu ni ya 14. Baina yao, katika nambari 13, ipo Tharaka-Nithi, iliyoandikwa kwa kistari. Nambari 6 ni Taita/Taveta, kwa mkwaju. Nambari 21 ni Murang'a, kwa ritifaa. Nambari 26 ni Trans Nzoia, maneno mawili yenye nafasi tupu kati yake, na nambari 28 ni Elgeyo/Marakwet, mkwaju tena. Mtoto wa darasa la sita huisoma orodha hiyo bila kusita. Mpe kompyuta kazi hiyohiyo, uiambie ikate majina penye kistari, na Tharaka na Nithi zitakuwa kaunti mbili. Iambie ikate penye mkwaju, na Kenya itaongezewa kaunti mbili ambazo Katiba haizitambui.

Kompyuta haikukosea hapo. Ilikata mahali ilipoagizwa. Jambo ninalotaka tulizungumze leo ni kwamba alama ya mpaka haipati nguvu yake kutoka katika karatasi. Huipata kwa makubaliano kati ya aliyeandika na anayesoma. Kistari kilekile ni mpaka katika tarehe na ni sehemu ya jina katika Tharaka-Nithi. Anayeandika programu ya kuchopoa maneno bila kuyajua makubaliano hayo atakata mahali pasipofaa, na kwa kawaida hatajua amekata vibaya mpaka mwenye jina au mwenye pesa alalamike. Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya tuna sababu ya pekee ya kulijali hili, kwa kuwa alama ambayo lugha nyingi za kompyuta huitumia kufungia maandishi imo ndani ya majina ya babu zetu. Nitaifikia alama hiyo. Kwanza tupitie pesa.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya hesabu za Mkenya wa kawaida imekaa kwenye jumbe za simu. Mhazini wa chama cha akina mama pale Makutano, karani wa faktori ya kahawa Imenti, mwenye duka la pembejeo mjini Embu, kila mmoja ana mamia ya jumbe hizo, na wengi bado wanazinakili daftarini kwa kalamu, usiku, baada ya kazi nyingine zote. Ujumbe wa kupokea pesa huwa na sura kama hii. Jina na nambari nimezibuni:

SAB1CD2EF3 Confirmed.You have received Ksh1,500.00 from KIRIMI M'ARIMI 07XXXXXXXX on 4/5/24 at 6:12 PM New M-PESA balance is Ksh2,730.00.

Usomeni taratibu. Herufi na tarakimu kumi za mwanzo ni nambari ya muamala. Baada ya nukta ya Confirmed hakuna nafasi, neno linalofuata limebanana nayo. Kiasi kilichopokelewa kimetanguliwa na Ksh, lakini hata salio limetanguliwa na Ksh. Jina limeanza baada ya neno from, na limeishia pale nambari ya simu inapoanzia. Hakuna kati ya mipaka hii iliyowekwa kwa ajili ya kompyuta. Ujumbe uliandikwa usomwe na binadamu, nasi tunaomba mashine iusome.

Nitatumia Python, lugha ya skripti ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka wa 1991. Ni ya bure, maagizo yake yanasomeka, na huendeshwa hata kwenye simu ya Android ambayo kijana anayo mfukoni. Njia rahisi kuliko zote ya kukata ujumbe ni hii:

kabla, alama, baada = ujumbe.partition(" from ")

Agizo hili hukata mara moja tu, mahali mpaka unapotokea kwanza, na kurudisha vipande vitatu: kilichotangulia, mpaka wenyewe, na kilichofuata. Mpaka usipokuwepo, vipande viwili vya mwisho huwa vitupu. Ndiyo maana huwashauri wanaoanza walizoee kabla ya split, agizo linalokata kila mahali mpaka unapotokea. Wakiwa na partition wanaweza kuuliza, alama ipo au haipo? Ikiwa haipo, ujumbe huo si wa aina waliyoitarajia. Pengine ni wa kutuma, au wa kununua muda wa maongezi, au mwenye simu ameichagua huduma kwa Kiswahili na maneno yote ya mipaka yamebadilika. Swali hilo dogo kabla ya kuendelea huokoa hesabu nyingi.

Mpaka wa kumaliza ni mgumu kuliko wa kuanza. Mtu hufikiri neno on litamtosha, kwa kuwa tarehe hulifuata. Neno fupi namna hiyo linaweza kujificha ndani ya jina la biashara, na programu isiyojali herufi kubwa na ndogo italikamata hapo kabla haijaifikia tarehe. Afadhali uueleze mpaka pamoja na kinachoufuata: neno on, kisha tarakimu moja au mbili, kisha mkwaju. Hapo ndipo tunapohitaji ruwaza, yaani maelezo ya umbo la maandishi tunayoyatafuta.

Ruwaza za maandishi zina historia ndefu. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Stephen Kleene katika miaka ya 1950. Ken Thompson alichapisha mwaka wa 1968 namna ya kuzitumia kutafuta maneno kwa kompyuta, lugha ya AWK ikazipa kazi ya kila siku kuanzia 1977, na Perl ya Larry Wall, iliyotoka 1987, ikazifanya zipendwe na wasimamizi wa mitambo duniani kote. Python ilizirithi. Ninataja haya ili vijana wajue kwamba chombo hiki kimejaribiwa na watu wengi kwa miaka mingi, na makosa yake yanajulikana. Kosa la kwanza kabisa ni ulafi.

Mwanafunzi anayetaka kiasi kilichopokelewa huandika hivi:

re.search(r"Ksh(.+)\.\d\d", ujumbe)

Maana yake: tafuta Ksh, kisha chochote kile, kisha nukta na tarakimu mbili. Anatarajia 1,500. Anachopata kinaanzia 1,500.00, kinapita jina la Kirimi, nambari ya simu, tarehe na saa, na kinaishia 2,730. Alama ya kujumlisha humeza kadiri inavyoweza mradi tu mwishoni ibaki nukta na tarakimu mbili, na nukta ya mwisho ya aina hiyo iko kwenye salio. Vitabu vingi humfundisha mwanafunzi aongeze kiulizi, yaani aandike .+? ili ruwaza iridhike na kidogo. Dawa hiyo hufanya kazi hapa. Hata hivyo mimi siipendi kama dawa ya kwanza, kwa kuwa bado inasema "chochote", na chochote ni ruhusa kubwa mno unaposhughulika na pesa za watu. Afadhali utaje kile kinachoruhusiwa kukaa ndani:

re.search(r"Ksh([\d,]+\.\d\d)", ujumbe)

Tarakimu na koma, basi, kisha nukta na tarakimu mbili za senti. Ruwaza hii haiwezi kuvuka jina la mtu hata ikitaka, maana herufi hazina ruhusa. Ukishaieleza nyama ya katikati, mipaka ya pembeni hukutii kwa urahisi zaidi. Kwa miaka yote niliyofundisha somo hili sijaona ushauri unaookoa watu wengi kuliko huo.

Koma iliyo ndani ya 1,500.00 inastahili dakika chache, wahazini hasa mnisikilize. Ukiipa Python maandishi hayo ukitaka yawe nambari, itakataa, na ni vizuri ikatae. Unaondoa koma kwanza, kisha unageuza. Hatari iko mahali ambapo hakuna anayekataa. Faili za jedwali zinazotenganishwa kwa koma, zile za CSV ambazo kila programu ya hesabu huzifungua, huichukua koma kuwa mpaka wa safu. Sasa chukueni mstari kama huu wa malipo ya kahawa:

0457,KIRIMI M'ARIMI,312.5,12,450.00

Nambari ya mwanachama, jina, kilo za matunda aliyoleta, na shilingi 12,450. Macho yetu yanaona safu nne. Programu inaona tano, na katika safu ya malipo inasoma 12. Hakuna kengele inayolia. Mkulima anaandikiwa shilingi kumi na mbili, na 450.00 inakaa kwenye safu isiyo na jina. Makubaliano ya kuzuia hili yapo, yameandikwa katika hati ya RFC 4180 ya Oktoba 2005: kipande chenye koma ndani kifungwe kwa alama za nukuu mbilimbili, na kama alama hiyo yenyewe imo ndani ya kipande, iandikwe mara mbili. Kwa hiyo "12,450.00" ndani ya nukuu ni kitu kimoja. Lakini ukiikata kwa split(","), umeyatupa makubaliano hayo, kwa sababu split haijui nukuu ni nini. Python ina moduli iitwayo csv inayoyajua. Itumieni. Hakuna sifa yoyote katika kuandika upya kile ambacho wengine wameshakisahihisha.

Sasa ritifaa.

Majina mengi ya wanaume wa Kimeru huanza na M ikifuatiwa na ritifaa. Mfano unaojulikana nchi nzima ni wa Jaji Kathurima M'Inoti, ambaye amehudumu katika Mahakama ya Rufani. Katika Kiswahili tunayo ng'ombe, ng'ambo na kung'aa. Mjini Embu kuna shule ya Kangaru, ambayo wengine huiandika Kang'aru. Kwetu alama hii ni sehemu ya neno, ina haki sawa na herufi. Katika lugha nyingi za kompyuta, alama hiyohiyo ndiyo mlango wa kuingilia na kutokea kwenye maandishi: inapoonekana mara ya kwanza, maandishi yameanza, inapoonekana tena, yamekwisha.

Basi mtu anaandika agizo la kuingiza mwanachama katika hifadhidata:

INSERT INTO wanachama (jina) VALUES ('M'Arimi')

Hifadhidata inaona maandishi yenye herufi moja, M. Kisha inaona Arimi, kitu isichokielewa, na inakataa. Kwenye dirisha la amri la Linux hali ni ya kutatanisha zaidi. Andika echo M'Arimi ukabonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta haisemi kitu. Inaonyesha alama ya kungoja tu, ikiamini umefungua maandishi ambayo hujayafunga. Itangoja mpaka uifungie.

Wenye mitambo hulitatua hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza, ambayo nimeiona mara nyingi na ambayo naipinga kwa nguvu zangu zote, ni kuikataza alama. Fomu inamwambia mzee kwamba jina lake lina "herufi isiyoruhusiwa". Karani anaiondoa, na M'Arimi anakuwa MARIMI. Kwingine anakuwa M ARIMI, kwa nafasi. Kwingine M.ARIMI, kwa nukta. Baada ya miaka kumi mzee ana kitambulisho chenye jina moja, hati ya shamba yenye jina la pili na akaunti ya benki yenye jina la tatu, na anatakiwa aende kwa wakili akaape kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Analipia kiapo hicho kutoka mfukoni mwake. Chanzo chake ni mwandishi wa programu aliyeona ni rahisi kukata jina kuliko kujifunza kulifunga.

Njia ya pili ni kujifunza. Katika SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, makubaliano ni kwamba ritifaa iliyo ndani ya maandishi huandikwa mara mbili: 'M''Arimi'. Anayetaka kuchopoa majina kutoka faili la namna hiyo lazima ruwaza yake iyajue makubaliano:

re.findall(r"'((?:[^']|'')*)'", mstari)

Kati ya mipaka, inasema, ruhusu herufi yoyote isiyo ritifaa, au ritifaa mbili zilizoandamana. Ukishalipata jina, unazigeuza zile mbili kuwa moja. Na unapoingiza jina katika hifadhidata, usiliunganishe na agizo kwa mkono hata siku moja. Liweke pembeni:

cursor.execute("INSERT INTO wanachama (jina) VALUES (?)", (jina,))

Hapo jina halipiti tena kwenye lango la mipaka. Linakwenda lilivyo, na alama zake zote. Faida ya pili ni ya usalama. Ufa unaomfanya M'Arimi akataliwe ndio ufa ambao wezi wa mitandaoni huupenyezea maagizo yao wakijifanya wanaandika jina. Mfumo unaoshindwa na jina la mzee wa Tigania ni mfumo ambao mlango wake uko wazi, na mkurugenzi yeyote aliyeambiwa kwamba ritifaa "inasumbua" angepaswa kuuliza maswali makali siku hiyohiyo.

Kuna mitego mingine midogo. Ruwaza \w+, inayopendwa kwa kutafuta maneno, huishia kwenye ritifaa. Kwake M'Inoti ni maneno mawili, M na Inoti, na ng'ombe ni ng na ombe. Anayehesabu maneno katika matini ya Kiswahili kwa ruwaza hiyo atapata "maneno" ambayo hakuna Mswahili aliyeyasema. Andikeni [\w']+ badala yake. Tena, Python ina maagizo mawili ya kukuza herufi ya kwanza. Agizo la title hugeuza m'inoti kuwa M'Inoti, sawasawa kabisa, lakini hugeuza ng'ombe kuwa Ng'Ombe. Agizo la capitalize hutoa Ng'ombe, vizuri, lakini hutoa M'inoti. Hakuna moja linalofaa maneno yetu yote mawili, na hakuna litakalofaa, kwa sababu jibu haliko kwenye alama. Liko kwenye desturi ya kuandika, na desturi huelezwa na watu wanaoijua.

Mtego ninaouona hatari zaidi hauonekani kwa macho. Ritifaa ya kibodi, iliyonyooka, ina nambari U+0027 katika mfumo wa Unicode. Simu nyingi na programu za uandishi huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, U+2019. Wengine hubonyeza alama ya pembeni ya kibodi, U+0060, inayofanana nayo. Ipo hata U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi, na ajabu ni kwamba \w huikubali bila ubishi. Kwa hiyo M'Arimi mmoja anaweza kuwapo katika rejista mara nne, na programu ikaapa kwamba hawa ni wanachama wanne. Karani akitafuta jina kwa alama iliyonyooka halipati lililoandikwa kwa iliyopinda. Kabla ya kuchopoa chochote, geuzeni alama hizi zote ziwe moja kwenye nakala mnayotumia kulinganisha, na muache maandishi ya asili yalivyo.

Nitapita haraka kwenye mabano, kwa kuwa muda unakwenda. Mipaka ikiingiana, ruwaza za kawaida hushindwa. Chukueni maelezo ya aina za miche ya kahawa kama Miche(SL28(Githongo),Ruiru 11(Runyenjes)). Ruwaza ya ulafi mdogo itaishia kwenye bano la kwanza la kufunga, baada ya Githongo, na kuacha nusu nje. Ruwaza lafi itafaulu hapo, halafu iharibikiwe mara mstari utakapokuwa na orodha mbili. Noam Chomsky alionyesha mwaka wa 1956 kwa nini sarufi za aina hiyo sahili haziwezi kufuata vitu vinavyoingiana bila kikomo: hazina kumbukumbu ya idadi. Dawa ni kuhesabu. Pita herufi moja moja. Ukikutana na bano la kufungua ongeza moja, la kufunga ondoa moja, na hesabu ikirudi sifuri umefika mwisho wa kile ulichokifungua. Lugha ya Lua, iliyoanzishwa Brazil mwaka wa 1993, ina alama maalumu ya kazi hiyo, %b(). Kwenye Python ni mistari kama kumi hivi, na nawasihi wanafunzi waiandike wenyewe angalau mara moja.

Namalizia na mistari inayokataa. Programu yoyote ya kuchopoa itakutana na ujumbe isioutambua. Desturi ya wengi ni kuuruka. Kwenye hesabu za ushirika hilo halifai. Mstari usiolingana na ruwaza uwekwe kwenye faili lake, ulivyo, na binadamu auangalie kabla malipo hayajatoka. Ujumbe wa asili nao uhifadhiwe kando ya vipande vilivyochopolewa, ili mwanachama akihoji, karani aweze kumwonyesha maneno yenyewe yaliyoingia kwenye simu.

Kuna pia majina yaliyokwisha kukatwa. Vijana huniuliza kama wanaweza kuandika skripti ya kurudisha ritifaa katika rejista za zamani, kila MARIMI awe M'ARIMI. Haiwezekani kwa skripti. Katika kijiji kimoja anaweza kuwapo Marimi ambaye jina lake halikuwahi kuwa na ritifaa, jirani na M'Arimi aliyenyang'anywa yake, na baada ya kukatwa majina hayo mawili hayatofautiani hata kwa herufi moja. Tena kwa kuwa Wameru na Waembu huwapa watoto majina ya babu zao, rejista moja inaweza kuwa na watu watano wenye majina yaleyale mawili. Skripti inaweza kutoa orodha ya wanaoshukiwa kukatwa, ikiwa na nambari zao za uanachama. Kutoka hapo ni kazi ya karani kuwaita mmoja mmoja, na kumwomba kila mwenye jina aliandike kwa mkono wake.